Kikokotoo cha Schickard: ni moto kweli uliokiua?

Tarehe 25 Februari 1624 Wilhelm Schickard, profesa wa Kiebrania katika Chuo Kikuu cha Tübingen, kusini mwa Ujerumani, alimwandikia rafiki yake Johannes Kepler, mnajimu aliyechunguza mwendo wa sayari, barua yenye habari mbaya. Alikuwa amemwagizia mashine ya kukokotoa kwa fundi mmoja aitwaye Johann Pfister. Kazi ilikuwa imefika nusu. Siku tatu kabla ya barua, usiku, moto ukazuka na kuiteketeza mashine pamoja na vitu vingine vya Schickard. Alisema hasara hiyo imemuuma sana, hasa kwa kuwa fundi hana nafasi ya kumtengenezea nyingine karibuni. Kisha, kama mtu anayejipoza, akamweleza Kepler mashine hiyo inavyofanya kazi na kumwekea mchoro.

Kwa kawaida kisa hiki husimuliwa hivi: mvumbuzi mwenye bahati mbaya anatengeneza kikokotoo cha kwanza duniani, moto unakila, vita na tauni vinammaliza yeye na nyumba yake, dunia inamsahau kwa miaka 300, na sifa zote zinakwenda kwa Mfaransa Blaise Pascal, aliyeunda mashine yake baadaye. Ni masimulizi matamu, na matukio yenyewe kwa sehemu kubwa ni ya kweli. Kinachonisumbua ni sababu. Moto uliunguza mashine moja iliyofika nusu. Haukumuunguza Schickard, wala Pfister, wala michoro, wala barua. Miezi mitano kabla yake Schickard alikuwa tayari amemwarifu Kepler kwamba ameunda mashine ya namna hiyo. Aliishi miaka 11 zaidi baada ya moto. Mtu akipoteza kitu anachokihitaji hukitengeneza upya. Kwa nini hiki hakikutengenezwa?

Mwalimu wa lugha mwenye mikono ya fundi

Schickard alizaliwa Herrenberg, katika dola ya Württemberg, tarehe 22 Aprili 1592. Baba yake alikuwa fundi seremala, na ndugu wa baba yake, Heinrich Schickhardt, ndiye msanifu aliyeuchora mji wa Freudenstadt. Kijana huyu hakufuata randa na msumeno. Alisoma Tübingen, akachukua shahada ya uzamili mwaka 1611, akaendelea na teolojia na lugha za Mashariki, na kuanzia 1614 akawa shemasi wa Kilutheri katika mji mdogo wa Nürtingen.

Hapo ndipo Kepler alipomkuta mwaka 1617. Kepler alikuwa amerudi Württemberg kwa shida ya kifamilia: mama yake alikuwa ameshutumiwa kuwa mchawi, na kesi hiyo ingemsumbua hadi 1621. Katikati ya mashaka hayo akakutana na shemasi anayejua hesabu, anayechonga na kuchora kwa mikono yake, na juu ya hayo anasoma Kiebrania. Urafiki ukaanza, na Schickard akaanza kumchongea Kepler picha za vitabu vyake.

Mwaka 1619 alirudi Tübingen kufundisha Kiebrania. Anayetaka kuielewa mashine yake asiruke sehemu hii ya maisha yake, ingawa wengi huiruka. Lugha za Kisemiti huzungushia viambishi na irabu kwenye mzizi wa herufi chache, kwa kawaida tatu. Msomaji wa Kiswahili anayezijua kitabu, katibu na maktaba ameshauona mtindo huo bila kwenda darasani. Schickard aliuona kuwa jambo la kimitambo. Akawatengenezea wanafunzi wake diski za karatasi zinazozunguka moja juu ya nyingine, zenye vidirisha: ukizungusha, umbo sahihi la kitenzi linajitokeza kwenye kidirisha. Sarufi yake ya Kiebrania aliigawa katika masomo 24, ya saa moja moja, na ilichapwa tena na tena kwa miaka mingi.

Diski, kidirisha, jibu linalojitokeza lenyewe: mashine ya kukokotoa ilikuwa imeshaanza hapo, ila kwa herufi badala ya tarakimu.

Kilichokuwamo ndani

Barua ya kwanza kwa Kepler kuhusu mashine ni ya tarehe 20 Septemba 1623. Schickard anamwambia, kwa furaha isiyojificha, kwamba kile ambacho Kepler amekifanya kwa hesabu za kichwa na karatasi yeye amekijaribu kwa mitambo. Ameunda mashine yenye magurudumu 11 kamili na 6 yasiyo kamili, inayojumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Anaongeza kuwa Kepler angeangua kicheko kama angeiona inavyobeba yenyewe makumi kwenda kushoto na kukopa yenyewe wakati wa kutoa.

Mashine ina sehemu kuu mbili. Ya juu ni jedwali la kuzidisha lililoviringishwa. Mskoti John Napier alikuwa amechapisha mwaka 1617 njia ya kuzidisha kwa vijiti vilivyoandikwa majedwali. Unavipanga sambamba na kusoma jibu mstari kwa mstari. Schickard aliyaweka majedwali hayo kwenye silinda sita zilizosimama wima, kila moja na kishikio chake cha kuzungushia. Mbele yake kuna vibao vya kusukuma. Ukitaka kuzidisha kwa 8 unafungua kibao cha 8, na majibu ya kila tarakimu yanaonekana kwenye vidirisha.

Sehemu ya kati ndiyo mashine yenyewe ya kujumlisha, yenye nafasi sita za tarakimu. Chini kabisa kuna vidude vya kuzungusha kwa mkono ambavyo havikokotoi chochote. Kazi yake ni kukumbushia namba usije ukaisahau katikati ya hesabu ndefu.

Tuchukue hesabu moja tuione ikienda. Mwaka wa sayari ya Mirihi ni takriban siku 687. Miaka 8 ya Mirihi ni siku ngapi? Unazungusha silinda tatu mpaka zionyeshe 6, 8 na 7, kisha unafungua kibao cha 8. Vidirisha vinakupa 48, 64 na 56. Hapo Napier angekuacha ujumlishe kichwani. Schickard anakupeleka kwenye diski za kati. Unaingiza 56: 6 kwenye mamoja, 5 kwenye makumi. Unaingiza 64 nafasi moja kushoto: 4 kwenye makumi, ambayo sasa ni 9, na 6 kwenye mamia. Unaingiza 48: 8 kwenye mamia na 4 kwenye maelfu. Diski ya mamia ilikuwa imesimama kwenye 6. Ukiizungusha hatua nane inapita 7, 8, 9, kisha inarudi 0, na papo hapo diski ya maelfu inasogea hatua moja bila mtu kuigusa. Mamia inasimama kwenye 4, maelfu 1 na 4 ulizoongeza zinakuwa 5. Jibu ni 5,496. Ukitaka miaka 38 unafungua kibao cha 3 na kufanya vilevile kwa kuanzia nafasi ya makumi, na diski zinaonyesha 26,106.

Ile hatua moja ya diski ya maelfu ndiyo iliyomfurahisha mvumbuzi, na ni haki yake. Aliyewahi kutazama mita ya kilomita ya gari la zamani wakati 9 inageuka kuwa 0 na jirani yake anapanda ameuona mtambo wa aina hiyohiyo. Kila diski ina gurudumu la meno kumi, na kando yake gurudumu lenye jino moja tu. Jino hilo huzunguka bure bila kugusa kitu, isipokuwa pale diski inapovuka kutoka 9 kwenda 0. Hapo hulishika gurudumu la kati na kulisukuma, nalo linasogeza tarakimu inayofuata. Hesabu yake ya magurudumu inaingia sawasawa: 6 ya tarakimu na 5 ya katikati ni yale 11 kamili, yale 6 yasiyo kamili ni ya jino moja. Ukizungusha kinyume mashine inatoa badala ya kujumlisha. Pascal hakuweza hilo. Magurudumu yake yalikwenda upande mmoja tu, na kutoa ilibidi kufanywe kwa ujanja wa namba kijalizo, yaani kutoa kwa njia ya kujumlisha.

Ila mtambo huu una udhaifu ambao mchoro hauufichi. Weka 99,999 halafu ongeza 1. Kidole kilichokusudia kusukuma diski moja sasa kinasukuma sita kwa mpigo, na nguvu yote inapita kwenye jino moja la kwanza. Kila nafasi unayoongeza inazidisha mzigo. Huenda ndiyo sababu Schickard aliishia tarakimu sita. Pascal alilitatua hilo vizuri zaidi: kila gurudumu lake lilipozunguka liliinua kidogo kidogo kipande chenye uzito, na kipande hicho kikianguka ndicho kinachosukuma jirani, kwa hiyo mzigo haujilimbikizi. Kwa kazi ya fundi, hapo Pascal yuko mbele, na sioni haja ya kumpunguzia ili kumpandisha Schickard.

Mteja aliyepata njia nyingine

Sasa turudi kwenye swali. Mashine ile ilikuwa na mteja mmoja anayejulikana, naye ni Kepler.

Shida ya Kepler ilikuwa ya kweli. Katika kitabu chake cha 1609 kuhusu Mirihi aliwaomba wasomaji wamhurumie, kwa kuwa hesabu moja ya kuchosha alikuwa ameirudia angalau mara 70. Mwaka 1623 alikuwa Linz, Austria, akihangaika na majedwali makubwa ya mwendo wa sayari ambayo yangetoka Ulm mwaka 1627 kwa jina la Majedwali ya Rudolph. Ni kazi ya kuzidisha na kugawanya isiyo na mwisho. Schickard aliyaona haya na akafikiri kama fundi: mwenzangu anazidisha kutwa kucha, nimpe chombo cha kuzidisha.

Lakini Napier huyuhuyu wa vijiti alikuwa ameshatoa, mwaka 1614, kitu kikubwa zaidi: logarithimu. Kwa logarithimu kuzidisha kunageuka kuwa kujumlisha, na kugawanya kunageuka kuwa kutoa. Unatafuta namba mbili kwenye jedwali, unazijumlisha, unasoma jibu. Michael Mästlin, mwalimu wa Kepler pale Tübingen, hakuipenda njia hiyo. Kepler aliipenda hadi akaamua kuijengea msingi wake mwenyewe wa kihisabati, na kitabu chake cha logarithimu kilianza kutoka Marburg mwaka 1624, mwaka uleule wa moto.

Kwa maoni yangu hapo ndipo mashine ilipokufa. Vijiti vya Napier ndivyo vilivyompa Schickard silinda zake, na logarithimu za Napier ndizo zilizomwondolea mteja. Mnajimu aliyekwisha kuwa na majedwali ya logarithimu hahitaji sanduku la magurudumu linalomzidishia tarakimu moja baada ya nyingine na kuishia tarakimu sita. Kepler aliishi hadi 1630. Barua zote mbili alikuwa nazo, maelezo alikuwa nayo, na alikuwa mtu wa kuandika kila kitu. Katika kazi zake hakuna dalili kwamba aliitafuta mashine hiyo tena.

Mtu anaweza kunipinga kwamba hata logarithimu zinahitaji kujumlishwa, na sehemu ya kati ya mashine ingesaidia. Ni kweli. Ila kujumlisha namba mbili kwa kalamu ni kazi ya nusu dakika; haimfanyi mtu amwagize fundi wa mji mwingine.

Linganisha na Pascal. Alizaliwa Juni 1623, miezi mitatu kabla ya barua ya kwanza ya Schickard, na alianza mashine yake mwaka 1642 ili kumsaidia baba yake aliyekuwa afisa wa kodi mjini Rouen. Hesabu za kodi ni kujumlisha safu ndefu za fedha, na jibu lazima liwe kamili hadi senti ya mwisho. Logarithimu hazina msaada hapo. Mteja wa Pascal alibaki na shida yake, ofisi kwa ofisi, mwaka baada ya mwaka. Pascal naye hakukaa kimya: alitengeneza sampuli nyingi, akamkabidhi moja Séguier, Chansela wa Ufaransa, mwaka 1645, akachapa maelezo, na mwaka 1649 akapata hati ya kifalme ya kumlinda. Bei ilikuwa kubwa na wanunuzi wachache, lakini mashine zilitawanyika mikononi mwa watu, na kadhaa zipo hadi leo. Schickard alikuwa na barua mbili kwa mtu mmoja.

Na Schickard mwenyewe? Kuanzia mwaka uleule wa 1624 alijitwika kazi ya kuipima Württemberg yote kwa pembetatu ili kuchora ramani yake, kazi iliyomla miaka na asiimalize. Alitoa mwongozo wa upimaji mwaka 1629. Aliandika juu ya wafalme wa Uajemi, akajifunza Kiarabu na Kisiria. Mästlin alipofariki mwaka 1631 akarithi kiti cha hisabati na falaki juu ya kile cha Kiebrania. Mwaka uliofuata akaandika juu ya kupita kwa sayari ya Utaridi mbele ya jua, ambako msomi Mfaransa Gassendi alikuwa amekuona Paris. Huyu si mtu aliyekaa akiomboleza sanduku lililoungua. Alikuwa na mambo kumi mengine, na kikokotoo kilikuwa kimojawapo.

Vita vya Miaka 30 vilimfika mlangoni baada ya pambano la Nördlingen, Septemba 1634, Waprotestanti waliposhindwa na majeshi ya Kaisari kuingia Württemberg. Askari walileta tauni. Ilimchukua mkewe na watoto wake, na Oktoba 1635 ikamchukua yeye mwenyewe akiwa na umri wa miaka 43. Kuanzia hapo hakukuwa na mtu wa kuulizwa.

Karatasi iliyotangatanga

Barua zilibaki kwenye makaratasi ya Kepler. Zilipita kwa warithi, zikanunuliwa na mnajimu Hevelius wa Danzig, zikafika kwa Michael Gottlieb Hansch aliyezichapisha mwaka 1718. Kwa hiyo usemi kwamba mashine hii haikujulikana kabisa kwa miaka 300 si sahihi. Ilikuwa kitabuni, kwa Kilatini, kwa yeyote aliyetaka kusoma. Kilichokosekana ni mchoro, ambao ulikuwa umetengana na barua yake, na bila mchoro maelezo yale hayaeleweki.

Makaratasi ya Kepler yaliishia Urusi baada ya Katerina wa Pili kuyanunua mwaka 1773. Mwaka 1935 mtafiti Franz Hammer, aliyekuwa akiandaa maandiko ya Kepler, alikuta kwenye kituo cha kuangalia nyota cha Pulkovo karibu na St. Petersburg, iliyoitwa Leningrad wakati huo, kikaratasi chenye mchoro usioeleweka. Miaka 20 baadaye, kwenye maktaba ya Stuttgart, akakuta mchoro mwingine wa Schickard wenye maelekezo kwa fundi, akakumbuka kile cha kwanza, akaviunganisha. Alitangaza matokeo mwaka 1957. Bruno von Freytag-Löringhoff, aliyekuwa akifundisha falsafa Tübingen, akaivalia njuga kazi ya kuiunda upya, na mwaka 1960 mashine ikazunguka.

Hapo ubishi ukaanza, hasa upande wa Ufaransa: je, huo ni ushahidi kwamba mashine ya 1623 ilifanya kazi? Ushahidi wa nusu. Michoro haisemi kila kitu. Haisemi, kwa mfano, ni nini kinachozuia gurudumu lisijipitilize baada ya kusukumwa, na Freytag-Löringhoff alilazimika kuongeza kifaa kidogo cha kulishika kila hatua ili tarakimu zisimame mahali pake. Fundi yeyote wa saa wa karne ya 17 angelijua hilo bila kuelekezwa, kwa hiyo sioni kama ni udanganyifu. Lakini kusema wazo ni la Schickard ni jambo moja, na kusema mashine yake ilibeba makumi kutwa nzima bila kukwama ni jambo jingine.

Juu ya nani wa kwanza, tarehe hazina ubishi: Schickard ametangulia kwa karibu miaka 20. Alichokosa ni warithi. Mwanafalsafa Mjerumani Leibniz alipoanza mashine yake ya kuzidisha, ile aliyoionyesha London mwaka 1673, alijua habari za Pascal. Na katika miaka ya 1770, ndani ya Württemberg ileile, mchungaji wa Kilutheri aitwaye Philipp Matthäus Hahn aliunda mashine ya matendo yote manne iliyofanya kazi vizuri. Alikuwa mtu wa nchi moja na Schickard, wa kanisa moja, mwenye mikono ya ufundi kama yeye. Wazo la kuanzia alilitoa kwa Leibniz.